Mtaa mpya umejaa nyumba, zahanati hakuna. Hela ya kujenga na kuendesha inatoka wapi?

mkazi_wa_mikoroshoni

Habari za jioni wakuu, na wakubwa wote shikamooni. Naomba niulize jambo limenikaa kooni muda mrefu, naamini humu wapo watu wa halmashauri, wa afya na hata waliowahi kuwa wajumbe wa mtaa.

Mi nilinunua kiwanja pembezoni mwa Dar 2016, mtaa sitautaja. Enzi hizo ilikuwa mikorosho na mihogo, dalali alitutembeza kwa mguu akituonyesha mipaka kwa vijiti. Nikahamia 2019 nyumba haina hata silingi bodi, jirani wa karibu ukimuita hasikii. Leo hii nikisimama barazani naona bati kila upande, fremu zimejaa, kijiwe cha bodaboda kipo, shule ya msingi watoto wanaingia kwa zamu. Sensa zenyewe zinasema Dar ilitoka watu milioni 4.36 mwaka 2012 ikafika milioni 5.38 mwaka 2022, na hao walioongezeka ukiwatafuta wengi utawakuta huku pembeni siyo Kariakoo.

Ila zahanati hamna. Ya karibu ipo mtaa wa pili na inafunga saa tisa na nusu alasiri, kituo cha afya chenye kuzalisha usiku kipo kama kilomita 11 za vumbi na mashimo. Mwezi uliopita jirani yangu alishikwa na uchungu saa nane usiku, mume wake yuko safarini, tukampakia kwenye bajaji mimi na mke wangu, hatukufika. Mtoto alizaliwa njiani chini ya mwanga wa simu, mke wangu ndo alimpokea kwa kanga yake na hajawahi kufanya hiyo kazi maishani. Mama na mtoto wako salama namshukuru Mungu, lakini tangu siku ile silali vizuri.

Sasa kwenye mkutano wa mtaa imetolewa hoja kila kaya ichange elfu 50 tujenge zahanati yetu. Grupu la WhatsApp limegawanyika vibaya, wapo wanaosema tuchange kesho asubuhi, wapo wanaosema hiyo ni kazi ya serikali sisi tumeshalipa kodi. Naomba kuelimishwa, hela ya kujenga zahanati kwenye maeneo yanayokua kama haya kiutaratibu inatakiwa itoke wapi? Na tukichanga tukajenga, nani analeta nesi na dawa? Naogopa tusije tukajenga jengo likabaki la popo.

---

mzee_wa_kata

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa yaliyowapata, mpe hongera mkeo.

Mi nilikuwa kwenye serikali ya mtaa miaka kumi, nimekaa vikao vya Kamati ya Maendeleo ya Kata mpaka vikanizeesha, nitakwambia nilichokiona. Kabla hamjaongelea hela ongeleeni ardhi kwanza. Hela huwa inapatikana siku moja, lakini eneo likishauzwa halirudi. Mitaa mingi iliyoota yenyewe kama huo wa kwenu mwenye shamba alikata vipande akauza vyote, hakuna aliyeacha hata nafasi ya choo cha sokoni, na siku serikali inasema ina fedha za zahanati kata ile mnaanza kutafuta kiwanja, mnakuta robo eka inauzwa bei ambayo ingejenga nusu ya jengo. Nimeona kata inapitwa na fedha namna hiyo, zikaenda kwa wenzetu waliokuwa na eneo tayari na muhtasari wa kikao mkononi.

Kuna mfano mzuri wa zamani watu wameusahau, ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, ndo uliozaa Kibada, Gezaulole, Tuangoma, Buyuni, Bunju, Mbweni kule. Hazina ilikopesha hela ya kupima, viwanja vikauzwa, mkopo ukalipwa na mauzo ya viwanja vyenyewe. Kwenye ramani maeneo ya shule na afya yalitengwa tangu mwanzo. Udhaifu wake ukawa kwamba eneo la zahanati lilitengwa lakini hela ya kuijenga haikutengwa, watu wakajenga wakahamia na kile kipande kikabaki majani miaka mingi. Ila angalau kipo! Nyie kwenu hata hicho hamna.

Sasa swali lako. Kisera tangu 2007 lengo la nchi ni kila kijiji zahanati na kila kata kituo cha afya, na utaratibu uliozoeleka wananchi wanaanza boma, yani jengo ambalo halijamaliziwa, kwa nguvu zao alafu serikali inamalizia. Kwa miaka ya karibuni hela ya kumalizia boma la zahanati imekuwa ikija milioni 50. Kituo cha afya kipya ni zaidi ya hapo, vile vya tarafa vilivyojengwa kwa tozo za miamala vilianza na milioni 250 kwa awamu ya kwanza. Chanzo kingine ni mapato ya ndani ya halmashauri, miongozo ya bajeti inawabana watenge asilimia fulani kwa maendeleo na zile zenye makusanyo makubwa watenge zaidi, na hapo ndo diwani wenu anatakiwa apambane maana barabara, madarasa, masoko, vyote vinagombea mfuko huo huo.

Na huo mfuko una msimu wake. Mkipeleka ombi mwezi wa tano mmeshachelewa, bajeti inapikwa kuanzia huku mwezi wa kumi na moja, kumi na mbili, ikianzia mtaani ikapanda kwenye kata. Zahanati yenu isipoandikwa kwenye muhtasari wa mtaa haitaandikwa kwenye wa kata, na isipokuwa kwenye wa kata mtaalamu wa mipango pale halmashauri hata akiwapenda namna gani hana pa kuwachomeka.

---

kodi_zangu

Mi napinga michango. Kodi ya majengo tunakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, ilianza elfu moja kwa mwezi sa hivi elfu moja mia tano, na mtaa mpya ndo una mita mpya kila wiki. Tozo za simu tulikatwa 2021 mpaka 2023 tukaambiwa ndo za zahanati na madarasa. Nikinunua bati nimelipa VAT, saruji VAT, nondo VAT, yani mtu anayejenga nyumba mpya ndo analipa kodi kuliko mtu yeyote nchi hii alafu anaambiwa achange elfu 50 ya zahanati, hapana. Hizo nyumba mpya zimeshaingiza hela serikalini kabla mwenyewe hajalala ndani hata siku moja. Tudai iliyo yetu.

---

mzee_wa_kata

@kodi_zangu hoja yako ina haki ndani yake na sikubezi. Nyumba mpya kweli inaingiza hela mapema, ila hela hiyo kwa sehemu kubwa inaenda serikali kuu kwanza, na ikirudi hairudi ikiwa na jina la mtaa wenu. Tofauti ndo hiyo, hela mmetoa lakini haina njia ya kuwafuata mlipohamia. Dai, ila wakati unadai tafuta na eneo.

---

sista_wa_zamu

Naomba niongee kama mtu niliye ndani, mi ni muuguzi, nimekaa zahanati mbili za maeneo mapya kama hayo mnayoyasema. Mtanisamehe nitaandika ndefu.

Jengo ndo kitu rahisi kuliko vyote. Najua mtashangaa maana ndo mnaloliona gumu, lakini jengo ni hela ya mara moja. Kuliendesha ni kila siku ya Mungu, glovu, pamba, umeme, maji, mlinzi, karatasi za kliniki, mafuta ya jenereta, na mshahara wa mtu wa kukaa pale usiku. Zahanati yangu ya kwanza tulifunguliwa kwa shangwe na ngoma, tulikuwa wahudumu wawili, mimi na tabibu mmoja. Akienda semina nabaki mwenyewe. Eneo lilipangwa kuhudumia watu elfu 10 kama mwongozo unavyosema, nikianza kliniki ya watoto Jumanne foleni inafika barabarani.

Sasa sikilizeni hiki ambacho nadhani wengi hawakijui. Angalieni ni nani anahamia mtaa mpya, ni vijana walioowana juzi, mke ana mimba au ana mtoto mgongoni na mwingine anatembea. Kisera mjamzito hatozwi, mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi, mzee wa miaka 60 asiye na uwezo hatozwi. Na ni sahihi kabisa wasitozwe, ningekuwa na uwezo ningeongeza. Lakini maana yake ni kwamba kwenye zahanati ya mtaa mpya wagonjwa wengi hawaachi senti mezani. Kituo cha mjini chenye wafanyakazi wenye bima na wafanyabiashara wanaolipa kinakusanya, kinanunua dawa za nyongeza, kinaajiri kibarua. Sisi tulikuwa na kazi mara tatu na makusanyo hata robo yao hayafiki, mwisho wa mwezi nahesabu hela ya kununua dawa ya kudeki. Kwa hiyo mtu asiwadanganye kwamba zahanati ikishafunguliwa itajiendesha kwa ada za wagonjwa. Mtaa wa vijana wenye watoto hautajiendesha, ni lazima hela itoke juu.

Na hela ya juu ipo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, zamani zilikuwa zinaishia halmashauri mnaletewa vitu. Hii ilitusaidia sana sitaki kuwa mchoyo wa fadhila, tuliweza kununua wenyewe kile tunachokosa. Kamati ya usimamizi ya kituo inakaa, inapanga, inasaini, na humo wamo wananchi, kwa hiyo nyie wenyewe. Tatizo ni mgao. Unaangalia mambo kadhaa lakini idadi ya watu ndo yenye uzito mkubwa, na idadi ya watu inatoka kwenye sensa na makadirio yake. Mtaa uliokuwa na kaya 60 siku ya sensa leo una kaya 400, kwenye karatasi bado mko wachache. Chanjo hivyo hivyo, nilikuwa naletewa lengo la watoto 90 kwa mwaka nikachanja 200, ripoti inasoma asilimia zaidi ya mia mbili, badala ya kuongezewa nikaulizwa kama nimekosea kujaza kitabu. Siku ile nililia jamani.

Na kabla hamjamwaga msingi nendeni kwa mganga mkuu wa halmashauri. Msichore ramani yenu, kuna ramani za TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, zahanati iliyojengwa kwa ramani ya fundi wa mtaani inakataliwa usajili au inabomolewa vyumba upya. Wengi wanajenga jengo zuri wakasahau shimo la kondo la nyuma, kichomea taka, choo cha wagonjwa, maji, na nyumba ya mtumishi. Nyumba ya mtumishi naisisitiza!! Mnataka huduma usiku huku nesi anakaa kilomita 15, hiyo usiku atatokea wapi. Yule mama aliyezalia kwenye bajaji hakukosa jengo, alikosa mtu aliyelala karibu na jengo.

---

mkazi_wa_mikoroshoni

Sista ubarikiwe, nimesoma mara mbili nimemsomea na mke wangu. Hilo la nyumba ya mtumishi hakuna mtu hata mmoja alilisema kwenye mkutano, wote tulikuwa tunaongelea bati za rangi gani.

Naomba kuuliza, jengo likiisha nesi anapatikana vipi? Tunaweza kuajiri wenyewe kwa michango?

---

sista_wa_zamu

Watumishi wanapangwa kwa ikama, yani idadi ya watumishi kituo kinachoruhusiwa kuwa nayo, vibali vya ajira vinatoka serikali kuu. Ukweli ambao haupendezi ni kwamba zahanati mpya nyingi zinafunguliwa kwa kupunguza mtu sehemu nyingine, anatolewa mmoja huku mmoja kule, kwa hiyo ombeni ikama mapema, kwenye bajeti ile ile mnayoombea fedha za kumalizia boma. Kuna vituo vinaajiri wa mkataba kwa makusanyo yao, ila kama nilivyosema makusanyo ya mtaa mpya ni madogo. Kuajiri kwa michango ya wananchi sishauri. Mwezi wa kwanza watu wote watatoa, wa pili nusu, wa nne nesi hajalipwa kaondoka na mlango umefungwa.

Na dawa za MSD, bohari ya dawa ya serikali, hamtapata mpaka kituo kisajiliwe kiwe na namba yake, hilo nalo linachukua muda, anzeni kulifuatilia jengo likiwa kwenye linta msisubiri rangi.

---

ploti_kwa_ploti

Salamu kutoka Kenya ndugu zangu. Nimepitia huu uzi nikaona ni kama mnaongea kuhusu kwetu. Mimi niko kwenye moja ya kaunti zinazopakana na Nairobi, tulinunua ploti ya futi hamsini kwa mia tukajenga, mchana tuko Nairobi kazini usiku tunarudi kulala. Sasa jiulize pesa ya afya ya mtu kama mimi iko wapi. Ofisi iko Nairobi, watoto wanaugua huku.

Maeneo kama Ruiru yalikuwa na watu kama 240,000 kwa sensa ya 2009, ya 2019 ikapata karibu 490,000, na baada ya hapo nyumba zimeendelea kuota kila siku. Afya ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013, na mgao wa kaunti unaangalia idadi ya watu iliyoandikwa, kwa hivyo kila mara tunahudumiwa kama watu waliokuwa hapa zamani.

Kuna sheria ya 2023 kuhusu fedha za vituo, inasema pesa kituo kinakusanya ibaki kwa kituo isipelekwe kwa akaunti kuu ya kaunti. Ni nzuri kabisa, kabla ya hapo kuna zahanati ilikuwa inakusanya pesa alafu inakosa pamba. Lakini huyo sista amegusa pale penyewe, kama hukusanyi kitu hata ukiruhusiwa kubaki nacho utabaki na nini. Ndio maana kuna Hazina ya Afya ya Msingi, hiyo ndiyo inafaa kulipia zahanati na vituo vidogo bila mgonjwa kutoa kitu, na sisi tunaifuatilia kwa karibu sana kwa MCA wetu, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, kuona kama kituo chetu kimelipwa.

Kitu kimoja kilitusaidia ni wahudumu wa afya wa jamii, wale waliozinduliwa nchi nzima 2023, wanatembea nyumba kwa nyumba na simu wanaandikisha kila kaya. Mwanzo watu wa mageti walikuwa wanawafukuza wakidhani ni wauza sabuni. Tukakubaliana kwa chama cha wakazi tuwafungulie, wakaandikisha kila mtu, mama wajawazito, watoto, wenye sukari na presha. Hiyo orodha ndiyo tulienda nayo kwa kikao cha bajeti ya kaunti. Hatukuenda na malalamiko, tulienda na hesabu. Hatujapata kila kitu lakini tulipata mhudumu wa pili na kliniki ya Jumamosi.

---

kodi_zangu

Hiyo ya kwenda na hesabu nimeikubali. Na huku kwetu hesabu ipo tayari, 2022 tuliwekewa namba za nyumba kwenye operesheni ya anwani za makazi, mtendaji wa mtaa ana daftari la wakazi hata kama halijajazwa vizuri, na mita za LUKU zinajulikana idadi. Ukiweka hivyo vitatu pamoja hakuna ofisa atakayesema mtaa una kaya 60.

---

mdau_wa_ng'ambo

Habari zenu. Mi niko Uingereza mwaka wa 14 sasa, kwa kazi nashughulika na mambo ya majengo. Nichangie kidogo maana huku hili ni ugomvi wa kila siku, msidhani ni la kwetu tu.

Huku mwenye kampuni akitaka kujenga nyumba 500, halmashauri haimpi kibali mpaka akubali kuchangia shule, barabara, na afya. Kuna mkataba unaofungwa chini ya kifungu cha 106 cha sheria ya mipango miji ya 1990, na tangu 2010 kuna tozo nyingine inayopigwa kwa mita za mraba za jengo. Wazo lake ni jepesi, ardhi ilikuwa shamba la bei ndogo, kibali cha kujenga kinaipandisha bei mara nyingi, basi sehemu ya hiyo faida irudi kwa watakaoishi hapo. Mji wa Milton Keynes walienda mbali zaidi, miaka ya 2000 waliweka kiwango kimoja kinachojulikana, kama pauni 18,500 kwa kila nyumba, na serikali ikatanguliza hela ya miundombinu kabla nyumba hazijaisha alafu ikajirudishia kadiri nyumba zinavyojengwa. Mzee aliposema viwanja 20,000 vilianza kwa mkopo wa Hazina ukalipwa na mauzo nikasema kumbe Dar tulishawahi kuwa na kichwa cha jambo hili hili, tulibakiza kiwiliwili.

Lakini msione huku ni peponi. Northstowe kule Cambridgeshire ni mji mpya kabisa, watu wa kwanza walihamia 2017, wakakaa miaka bila zahanati wala duka la maana. Hela za mikataba zina masharti na muda, zisipotumika mjenzi anaweza kudai arudishiwe. Na zinajenga jengo tu, mshahara wa daktari hazilipi. Daktari wa familia huku analipwa kufuatana na majina yaliyoandikishwa kwake, kwa hiyo mtaa mpya ukiwa bado unajaa, majina ni machache, na hakuna anayetaka kufungua. Hospitali moja ya Leicester ilienda mpaka mahakama kuu kudai wajenzi wafidie huo mwaka wa kwanza ambao wagonjwa wapya wapo lakini hela yao haijafika, 2023 ikashindwa.

Kwa hiyo nikimsoma sista na huyo ndugu wa Kenya naona shida ni moja kila mahali, mwili wa mtu unahamia leo na hela yake inafuata baada ya miaka. Ninachotamani Tanzania ifanye ni hizi kampuni za kupima na kuuza viwanja. Ziko nyingi, zinanunua ekari 50, zinakata, zinatangaza kwenye mitandao kwamba huduma zote za jamii zipo karibu. Ingekuwa mchoro haupitishwi mpaka eneo la afya limeshakabidhiwa halmashauri kwa maandishi, na kila kiwanja kinachouzwa kuna kiasi kidogo kinaingia akaunti maalumu ya boma la zahanati ya eneo lile lile. Mnunuzi wa kiwanja cha milioni 6 akiongezewa laki moja halalamiki sana kama anajua jengo litasimama mbele ya macho yake.

---

sista_wa_zamu

@mdau_wa_ng'ambo laki moja kwa kiwanja, viwanja 300, ni milioni 30. Hilo ni boma limeisha na nyumba ya nesi imefika kwenye linta. Nimepata uchungu, maana nayajua maeneo niliyofanya kazi, viwanja vyake viliuzwa vyote na hakuna hata kimoja kilichoacha kitu nyuma.

---

mzee_wa_kata

Mwanangu @mkazi nikuongezee la mwisho kuhusu eneo maana najua mtalitafuta. Kijiji ni chombo kisheria kinaweza kumiliki mali, mtaa wa mjini hauko hivyo. Mkinunua eneo kwa michango msiliandike jina la mwenyekiti wala la mjumbe yeyote hata awe mcha Mungu namna gani, akifariki watoto wake watakuja na wanasheria. Niliona kwa macho yangu eneo la shule linagombaniwa msibani kabla marehemu hajazikwa. Muuzaji asaini na mashahidi, liandikwe kwa halmashauri kwa matumizi ya zahanati, mpimaji aje aweke mawe, na ombeni liingizwe kwenye mchoro wa mipango miji.

Na hela za michango zikikusanywa ziwe na stakabadhi, hata ya elfu mbili. Mkipata fedha za serikali mtaambiwa muunde kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, chagueni watu tofauti kabisa kwenye kila moja. Anayenunua saruji asiwe ndo anayeipokea.

---

mkazi_wa_mikoroshoni

Wakuu samahani nimekaa kimya wiki mbili, nilikuwa nafanyia kazi mliyonielekeza.

Jumapili tulikaa tena na safari hii niliomba dakika kumi nikasoma vitu vyenu humu, ule wa sista kuhusu nyumba ya mtumishi na ule wa mzee kuhusu eneo. Tumeahirisha elfu 50. Tumekubaliana kwanza kila shina lihesabu kaya zake, namba ya anwani, watu wangapi, wajawazito wangapi, watoto chini ya miaka 5 wangapi. Mke wangu ndo kapewa kusimamia shina letu, yeye na yule jirani aliyezaa, anatembea na mtoto mgongoni mlango kwa mlango na hakuna anayemfungia geti. Mpaka jana mashina matatu yamemaliza, kaya 412, watoto chini ya miaka 5 ni 371. Tumebakiza mashina mawili.

Kuhusu eneo, kuna bibi mmoja mwenyeji wa hapa tangu enzi za mikorosho, amebakiza kama nusu eka pembeni ya barabara ya kuelekea mtoni, madalali wanampigia simu kila siku. Amesema kwa zahanati atatuuzia kwa bei nafuu na tutamlipa kidogo kidogo, ila anataka neno moja, kwamba kweli itakuwa zahanati na siyo fremu. Kesho kutwa naenda na mtendaji kumuona mganga mkuu kuuliza kama nusu eka inatosha kwa ramani ya zahanati pamoja na nyumba ya mtumishi kabla hatujamlipa bibi hata shilingi. Sista kama unajua jibu la hilo niandikie leo usiku, nitakuwa macho.